Mlima Mwishoni mwa Barabara

Ndugu zangu wa Emmeloord, hapa Uholanzi, na ninyi wengine mnaosoma, nyumba ya Geesje mnaijua. Ni ile ya pembeni, yenye madirisha mapana yasiyofungwa mapazia, kwa hiyo kila apitaye anajua mwenyewe anakula nini. Mimi ni jirani yake tangu waume zetu wakiwa hai.

Mwezi wa Februari, siku yake ya kuzaliwa, tulikaa kama kawaida yetu. Viti vilipangwa duara sebuleni, kila mtu akapewa kahawa na kipande kimoja cha keki. Kila aliyeingia alizunguka duara zima akitoa mkono na pongezi. Alimpongeza Geesje, akawapongeza wanawe Harmen na Jantine kwa kuwa na mama, akanipongeza hata mimi kwa kuwa na jirani. Ilikuwa siku tulivu na nyumba ilikuwa na joto zuri.

Baadaye, kama ilivyo desturi, mazungumzo yakahamia kwenye safari. Siku hizi duara letu ni mashindano ya nani kaenda wapi. Paris na Roma hazimpi mtu heshima tena, kila mtu keshafika. Unayetaka kusikilizwa, taja mji mkuu ambao wenzako hawajaukumbuka, mji ambao wanaulizana uko nchi gani. Katika mashindano hayo Harmen alikuwa bingwa. Ni mtu mwema, nisimwonee. Ndiye anayesafisha mifereji ya paa la mama yake bila kuambiwa. Lakini akisimulia safari, hata kijiko hakiruhusiwi kulia.

Akiwa katikati ya maelezo, Geesje alitaka kuweka kikombe mezani. Akakiweka hewani. Kikaanguka, kahawa ikamwagika zuliani.

Hapo ndipo alipotuambia. Jicho la kushoto lilikwisha siku nyingi. Sasa la kulia nalo lilikuwa linafuata, na sindano za daktari zilikuwa zinachelewesha tu. Kinachoondoka kwanza ni katikati: unachokitazama sawasawa ndicho kinachopotea, pembeni panabaki. Daktari alimshauri, kama kuna kitu anataka kukiona, asisubiri majira ya joto.

"Nataka kwenda Sofia," akasema. "Nataka kuuona mlima wa Roelof."

Roelof, marehemu mumewe, aliendesha lori la maua. Alipeleka tulipu zetu mpaka Bulgaria, na kila aliporudi alimsimulia jambo lile lile. Sofia, alimwambia, kuna barabara ya maduka, na ukiitazama mpaka mwisho wake unaona mlima umesimama hapo, kama mtu anayekungoja kituoni. Sisi tumekulia tambarare. Kitu kirefu tulichokijua utotoni ni mnara wa maji. Roelof aliahidi kumpeleka akistaafu, na alikufa kabla ya kustaafu. Geesje hakutaka kingine chochote.

Harmen alifurahi kweli. Sofia, akasema, ni mji mkuu unaodharauliwa bure, na kwenye duara letu hakuna aliyefika. Aliahidi kupanga kila kitu mwenyewe, na usiku ule ule akatuma kwenye simu za ndugu ile kura ya kuchagua tarehe.

Msomaji, kama hujui mambo yetu, elewa kwamba hapa hata mama mzazi hutembelewa kwa miadi. Machi Harmen alikuwa na semina. Aprili Jantine alikuwa na mashindano ya watoto, kisha sherehe ya wifi yake ya kutimiza miaka kumi na miwili na nusu ya ndoa, maana sisi husherehekea hata na nusu. Kura ikafutwa, ikatumwa upya.

Kisha Mei likatokea kubwa zaidi. Mwenzake Harmen kazini alirudi kutoka Sofia na picha tele. Harmen akapoa kama chai iliyosahaulika. Wiki ile alimjia mama yake na hoja mpya: Sofia imeshajulikana, afadhali Ljubljana. Baada ya hapo ikawa Vilnius, kwamba ndiyo miji ambayo watu bado hawajaivamia.

"Baba yako hakupeleka maua Vilnius," Geesje akamjibu.

"Mama, mimi nakutafutia kilicho bora."

"Sijakuomba kilicho bora, mwanangu. Nimekuomba Sofia."

Harmen alikubali, lakini akaanza kulinganisha upya. Hoteli hii iko karibu na barabara ile ila kifungua kinywa chake kinalalamikiwa. Ile ina kifungua kinywa kizuri lakini iko mbali. Juni kuna mvua za radi, Julai kuna joto, Septemba ndiyo anga safi. Nilimshika uzioni siku moja akipita, nikamwambia ampeleke tu, hata kesho, hata walale kwenye hoteli mbaya.

"Shangazi Lammie," akaniambia kwa upole, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "safari isiyopangwa vizuri ni kumtesa mzee."

Nilikasirika na bado nina hasira. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa. Alikuwa amebandika vipande vya plasta kwenye swichi za jiko ili ajue pa kuzima. Kalenda ya siku za kuzaliwa, ile tunayoitundika chooni, nilikuwa namsomea mimi. Alipotazama uso wangu aliuelekeza wake kwenye sikio langu, ndipo akaniona kidogo.

Walikwenda Oktoba. Jantine ndiye aliyenisimulia, na alisimulia akilia.

Mpango ulikwenda barabara. Ndege haikuchelewa, hoteli ilikuwa safi, kifungua kinywa hakikuwa na kasoro. Anga ilikuwa wazi kama Harmen alivyotabiri. Asubuhi walimshika mama yao mikono, mmoja huku mwingine huku, wakamsimamisha katikati ya barabara ya maduka. Mlima ulikuwa palepale alipousema Roelof, mwisho wa barabara, katikati ya majengo, wa buluu na theluji kidogo juu.

"Huo hapo, mama," Harmen akasema. "Tazama mbele moja kwa moja."

Geesje akatazama mbele moja kwa moja. Aliona viti vya mikahawa upande huu, madirisha ya maduka upande ule, na miguu ya watu ikipita. Mbele, alipotazama, hapakuwa na kitu. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Akauliza kama wana hakika ni barabara yenyewe.

Kisha akamwomba Harmen amwambie ukoje.

Harmen alikuwa amesoma kila kitu kuhusu mlima ule. Akaanza, "Urefu wake unazidi mita elfu mbili, na juu kuna..."

"Baba yako hakunihesabia mita," mama yake akasema. "Niambie ukoje."

Mtu huyu ambaye duara zima humnyamazia akisimulia, hakupata neno. Alisimama pale barabarani amemshika mama yake mkono, akilia mbele ya watu. Geesje ndiye aliyembembeleza. Jantine anasema walikaa mkahawani mpaka mchana, na mama yao hakutaka kutembezwa popote pengine.

Februari iliyopita tulikaa tena duara. Pongezi zikazunguka, kahawa ikanywewa, na mgeni mmoja asiyejua akamuuliza Harmen kuhusu Sofia, kama inafaa kwa mapumziko ya siku chache. Harmen alitazama keki yake tu. Geesje akajibu kwa niaba yake, bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Tulikwenda. Mlima upo. Harmen ameuona."

Hakuna aliyetaja safari nyingine siku hiyo.

FUNZO

Kupanga si kosa. Mimi mwenyewe siendi sokoni bila kujua ninachokwenda kununua. Kosa ni kuchukua ombi la mtu mwingine na kuligeuza kuwa sifa yako, ukaling'arisha mpaka wakati wake ukapita. Kuna wazazi wanaokufa njaa kwa kutupwa na watoto wao, na hao tunawasema waziwazi. Geesje hakutupwa. Alipendwa, akahudumiwa, akapangiwa vizuri, na alichokitaka akakikosa.

Kwa hiyo fungueni hizo kalenda zenu, mfute semina, mfute sherehe za nusu. Mzazi akikuambia kuna kitu anataka kukiona, mpeleke angali anaona.