Gari Lililofika Ng'ambo ya Mto

Wakaaji wenzangu wa Kitengela, nisikilizeni, hata kama nitalia katikati.

Nyumba ya Ochola ilikuwa na raha yake. Jumapili baada ya kanisa ungemsikia Cindy, binti yao wa pekee, akiimba uani, na mama yake Selpha akicheka jikoni. Lakini geti lao lilikuwa refu na halikufunguliwa mtu. Siku niliyowapelekea ndizi, Ochola aliniambia, "Sisi hatusumbui watu, na watu wasitusumbue." Nilirudi na ndizi zangu.

Cindy alikuwa na pumu. Baba yake akamnunulia saa ya mkononi, zile za siku hizi zinazosoma setilaiti, ili aone kwenye simu mtoto yuko wapi. "Hata nikiwa kazini Rongai, niko na yeye," alijigamba. Ai, jamani! Kuona kidoti kwa simu ndiko kuwa na mtoto?

Alasiri moja ya mvua kubwa pumu ilimbana Cindy, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Selpha akampigia mumewe. Ochola akaita teksi, akamtumia dereva mahali saa ilipoonyesha.

"Tulia, mama Cindy. Gari inakuja, naiona hapa kwa simu."

Selpha akatulia, akangoja. Dereva naye alifuata ramani bila kukosea. Lakini njia yetu ni mpya, ramani haiijui, kwa hivyo ikamchagulia barabara iliyo karibu zaidi na ile saa, nayo iko ng'ambo ya mto. Kosa hilo halikuwahi kujulikana kwa sababu nyumba ile haikuwa ikipokea wageni.

"Imefika! Toka nje!" Ochola akasema.

Selpha akatoka mbio na mtoto mikononi. Gari aliliona, taa zinawaka, na katikati yao mto umefurika.

"Baba Cindy, iko ng'ambo!"

"Haiwezekani! Simu inaonyesha mko pamoja!"

Dereva aligeuza ili azungukie darajani, akakwama kwenye tope. Hapo ndipo Selpha alipopiga nduru tukatoka. Namunyak, jirani wanayepakana naye ukuta, alileta pikapu yake, tukakimbia hospitali. Daktari alimpima Cindy, akamfunika uso.

Selpha hakulia. Alimgeukia Namunyak. "Hii pikapu ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwangu tu, mama. Tangu asubuhi."

"Singejua," Selpha akasema. "Hata jina lako silijui."

Moyo wangu ulivunjika pale, na mpaka leo haujapona.

FUNZO

Nunueni saa hizo, sijakataa. Ni msaada. Lakini setilaiti haitabeba mtoto wako hospitalini. Atabebwa na mtu. Mfahamu huyo mtu mapema, na mtoto wako afahamike kwake. Leo, kabla giza halijaingia, nenda ugonge geti la jirani yako umwambie jina lako.