Vipimo Visivyo na Mwenyewe

Shati lilikuwa limepasuka mgongoni, kutoka bega hadi bega, na fundi aliligeuza mara tatu bila kuelewa. Alilipunguza kwa mkono wake mwenyewe wiki mbili tu zilizopita. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipa kwa ajili ya mikono yake mirefu, alikuwa amekonda hadi nguo zikamning'inia, na baba mtu kazi yake ikawa kufumua na kushona upya, inchi moja huku, inchi mbili kule. Kijana wa miaka kumi na saba, kifua cha mtoto. Sasa ni nani aliyelijaza shati hili mpaka likaachia?

"Umemwazima mtu?"

Kipa alikuwa amejilaza kwenye mkeka nyuma ya pazia, karibu na cherehani. "Nimwazime nani, baba? Nina rafiki gani aliyebaki?"

Hapo alisema kweli. Walianza kundi zima, na dawa ya kikohozi, chupa nzima nyuma ya vyoo vya shule, kwa kucheka tu. Wakahamia vidonge, kisha gundi. Wenzake wengine waliacha, wengine walihamishwa shule, yeye akabaki nayo. Fundi alishampeleka kituo cha kuacha dawa mara mbili. Mara zote mbili kijana alirudi na mashavu, akalia, akaapa, na kabla mwezi haujaisha akarudia yaleyale. Mama yake alikwenda kwao kupumzika, na mapumziko hayo sasa yalikuwa yameingia mwezi wa tano. Fundi hakumlaumu. Hata yeye angepumzika, kama angekuwa na pa kwenda.

Basi akalishona shati. Siku ya tatu likapasuka tena, palepale.

Ndipo alipoanza kusikiliza. Mchana, saa ile ya jua kali ambayo mtaa wote umejifungia ndani, aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, na nyuma ya pazia akasikia pumzi mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ya haraka, aliijua. Nyingine ilikuwa nzito na ya taratibu, pumzi ya mtu aliyekula akashiba. Harufu ya gundi ilikuwepo, ingawa alishapekua godoro, mkeka na dari asikute kitu, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine tamutamu, kama ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahauliwa. Akavuta pazia kidogo, na kwa jicho moja akaona shati la mwanawe likitanuka lenyewe juu ya mbavu zile nyembamba, vifungo vikikaza kimoja baada ya kingine, mabega yakijaa, mkono wa shati ukinenepa ilhali kiganja kilichotokeza mwishoni kilikuwa kilekile kikavu cha Kipa, na uso wa kijana umelala juu ya yote hayo umechoka, kama uso wa mtu aliyekwisha kuzoea.

Fundi akarudisha pazia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakushangaa sana.

Alimwambia jirani yake peke yake. Huyu alikuwa mwanamke wa kufua nguo za watu, na tangu mama Kipa aondoke hakuna siku aliyokula bila kuwatengea fundi na mwanawe.

"Baba Kipa," akanong'ona, "mtoto kavaliwa."

Fundi alilisikia neno hilo tangu utotoni na hakuwahi kulipima. Kuvaliwa. Kumbe walimaanisha hivyohivyo.

Kesho yake mchana jirani alimleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani, aliyeomba kwanza maji ya kunywa na mahali pa kuweka viatu. Binti wa jirani, Chiriku, wa miaka kumi na minne, alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule.

"Kipa anaendeleaje, baba?"

"Nenda nyumbani, mwanangu," mganga akamwambia. "Hapa si pa watoto."

Chiriku alipoondoka, Kipa alifumbua macho, akamfuata kwa macho hayo hadi akapotea.

Jirani alimshika Kipa miguu. Mganga akafukiza ubani, akauliza, "Nani aliyekuingiza humu?"

Sauti ikatoka kifuani, siyo mdomoni. "Yeye. Kila kidonge, karibu. Kila chupa, karibu. Nimekaribishwa kuliko wageni wenu wote."

"Toka."

"Nitatoka. Nguo hii imechakaa. Jua likizama naichana, natoka."

Fundi alipiga magoti mbele ya mganga. Mapigo ya mwanawe yalikuwa yanaruka, moja, kisha kimya, kisha mawili. "Mama, nakuomba. Liulize linataka nini."

"Nishonee nyingine," sauti ikasema, nayo ikampa vipimo polepole, kama mteja mzoefu. Kifua, thelathini. Kiuno, ishirini na nne. Mkono, ishirini. Bega la kushoto lishuke nusu inchi.

Fundi akaganda. Watu wa mtaa ule aliwajua kwa inchi, na bega lililoshuka nusu inchi kwa uzito wa mkoba lilikuwa moja tu. Alilishonea sare mwanzoni mwa mwaka, huku mwenyewe akipiga domo bila kupumua.

Mganga alivua miwani. "Sikiliza, fundi. Vipimo hivyo, kama ni vya mtu, usishone. Unavijua?"

Aliutazama uso wa Kipa. Akazikumbuka zile mara mbili za kituo, viapo, kufumua na kushona, na akahisi uchovu mkubwa hivi kwamba haikuwa rahisi hata kujichukia.

"Havina mwenyewe," akasema.

"Shona basi, baba Kipa," jirani akalia. "Shona mtoto apone!" Na alipoona fundi halipati tundu la sindano, akauchukua uzi, akaulamba ncha, akamtungia sindano yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa limegusa mapaa fundi alipokata uzi wa mwisho. Mganga akalitandaza vazi sakafuni. Likakaa tambarare, kisha likainuka kifuani, likajaa mikono, likajaa kiuno, bila kichwa wala miguu, na likakaa sawasawa, pasipo mkunjo hata mmoja, kwa maana fundi hakuwahi kukosea kipimo. Likapita mlangoni likitelezea uani, na ile harufu tamu ikalifuata.

Kipa akakohoa. "Baba," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nina njaa."

Jirani akapiga kigelegele. Akamkumbatia kijana, akamkumbatia fundi, akatoka mbio kwenda kumwambia bintiye. Mganga akavaa viatu vyake.

Fundi akampakulia mwanawe chakula alicholeta jirani asubuhi. Kipa alikula kwa mikono miwili.

"Chiriku!" jirani aliita ng'ambo ya ukuta, sauti imejaa furaha. "We Chiriku, njoo usikie!" Kukawa kimya. "Chiriku? Mwanangu?"

Fundi akanyanyuka, akafunga dirisha.

"Baba, mbona unafunga? Joto."

"Kula, mwanangu."