Kidonda Kilichofichwa Ndani ya Soksi

Kila asubuhi saa kumi na mbili, vijana kumi na wanane wa Kocha Geleta waliingia msitu wa mikaratusi juu ya mji wa Bekoji. Walikimbia kwa mstari mmoja, wa mbele akikata kona kati ya miti, wengine wakimfuata. Waliporudi, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Walivua raba na soksi, wakaosha miguu kwenye kijito chenye maji baridi ya kung'ata, wakaikausha mpaka katikati ya vidole. Kisha walikanyaga chupa na kuiviringisha chini ya unyayo, wakanyoosha mashavu ya miguu, wakalala chali miguu ikiwa juu ya magogo. Mwisho, kila mmoja alimkagua mwenzake miguu.

Kuleni, msichana wa miaka kumi na minne, aliipenda sana saa ile. Lakini wiki hii alikuwa akiikimbia.

"Kocha, mama ananisubiri nipeleke shayiri ikasagwe," alisema kila siku, na Kocha, aliyemwamini, alimruhusu.

"Bibi harusi huyo, haonyeshi miguu!" mkimbiaji mwenzake, Jitu, alimtania. Jitu ndiye aliyekuwa mkaguzi wake wa miguu.

Wenzao walicheka. Kuleni alicheka nao, akaondoka haraka bila kuvua raba.

Raba mpya alizoletewa na shangazi yake kutoka Addis Ababa zilimbana. Jumamosi zilimtoa lengelenge kisiginoni. Akalitoboa kwa pini ya shela ya mama yake, akavaa soksi ile ile yenye jasho, akaendelea na mazoezi. Mashindano ya mbio ya mji wa Asela yalikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mwaka uliopita Kocha alimwondoa kikosini Lalise, msichana aliyekuwa akichechemea, na tangu siku hiyo Lalise hakuonekana tena uwanjani. Kuleni hakusahau alivyoondoka, raba mkononi, bila kugeuka nyuma.

Jumatano kisigino kilikuwa cha moto na kinapwita. Alhamisi jioni, nyuma ya nyumba, alivua soksi akatazama. Kidonda kilitoa usaha, na mstari mwekundu mwembamba ulikuwa umepanda kutoka kisiginoni hadi juu ya kifundo cha mguu. Kwenye kinena alipapasa mtoki, mgumu na wenye maumivu. Akamkumbuka muuza vyungu wa sokoni, yule wa mguu mmoja. Watu walisema alianza na kidonda cha mwiba tu.

"Kuleni! Chakula kinapoa!" mama yake aliita.

"Nakuja, mama." Akavaa soksi haraka.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Kuleni alikimbia huku akitetemeka kwa baridi, ilhali jasho lilimtiririka. Miti ilianza kuyumba mbele ya macho yake. Mgongo wa aliyemtangulia ukafifia, kisha ukapotea. Vishindo vya miguu vikaenda mbali, mbali zaidi, mpaka akabaki anasikia pumzi zake tu. Alikaa chini apumzike kidogo. Alipotaka kusimama, mguu ulikataa. Alitaka kupiga kelele, lakini akaogopa kwamba atakayesikia atakuwa Kocha.

Aliyetokea kwenye ukungu alikuwa Jitu.

"We! Nimegeuka nyuma sikuoni. Una nini?" Bila kungoja jibu alimvua raba. Soksi ilikuwa imegandana na kidonda. "Mungu wangu! Kuleni, huu mguu unanuka!"

"Usimwambie Kocha, nakuomba. Nikishakimbia Jumapili nitamwambia mwenyewe."

"Hiyo Jumapili utakimbilia mguu gani?"

"Ataniondoa, Jitu! Kama alivyomwondoa Lalise!"

Jitu alikuwa karibu kulia. "Unamwambia wewe, au namwambia mimi. Nahesabu mpaka kumi. Moja. Mbili..."

Alipofika saba, Kuleni alinyoosha mkono ainuliwe, wakajikongoja pamoja hadi kwa Kocha.

Kocha Geleta alikuwa mtu wa sauti kubwa, akifoka ng'ambo ya bonde wanasikia. Lakini alipouona mguu ule hakufoka. Alipiga magoti, akaufuata ule mstari mwekundu kwa macho. Kuleni aliogopa upole ule kuliko ambavyo angeogopa kufokewa.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Na shayiri ya mama?"

"Hakukuwa na shayiri, Kocha. Nilikudanganya."

Kocha alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la farasi. "Zahanati, ndugu yangu, upesi!"

Nesi alikisafisha kidonda, akamdunga sindano. Kuleni alimshika mkono. "Nitakatwa mguu?"

"Hukatwi. Ila ungengoja siku mbili tatu, sumu hii ingeenea kwenye damu, na hapo tungezungumza mengine. Dawa utameza zote mpaka ziishe. Na kukimbia, usahau kwa wiki tatu."

Hapo ndipo Kuleni alipolia.

Mashindano ya Asela yalipita bila yeye. Wiki tatu zilipotimia alirudi mazoezini, na baada ya kuosha miguu kijitoni, Kocha aliwakalisha wote kwenye majani. Kuleni alisimama akaeleza mwenyewe: raba zilizombana, pini, uongo wa shayiri. Hakuna aliyecheka.

"Kuleni aliniogopa mimi kuliko alivyokiogopa kidonda," Kocha alisema. "Hilo ni kosa langu. Lalise nilimwambia akapumzike, lakini sikwenda kwao kumwambia arudi. Leo nitakwenda. Ila nanyi nisikilizeni, wanangu. Mazoezi hayaishi mnapoacha kukimbia. Yanaisha mkishaosha miguu, mkaikausha, mkaitazama vizuri, kisha mkasema kweli mlichokiona. Lengelenge likisemwa siku ile ile, mtu hupumzika siku mbili. Likifichwa, linaweza kumla mtu mguu. Anayesema ukweli hapa hafukuzwi. Anatibiwa, anarudi."

Kisha Jitu, aliyekuwa hajavua soksi ya mguu wa kushoto hata kijitoni, aliivuta polepole. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi tii.

"Wiki ya pili sasa, Kocha," alisema, macho chini.