Kifaru cha Hortense

— Hortense ni nani?

Symphorien alikuwa ndiyo kwanza anakaa kitini. Adolphine, mchumba wake, alikuwa amesimama mbele yake, koti la huyo bwana begani, sindano bado inaning'inia kwenye kifungo alichokuwa akishona. Kiganjani alikuwa na kitu alichokitoa mfukoni mwa koti lile: kifaru cha vita cha plastiki, kidogo kama kibiriti. Ubavuni kimeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi nyembamba: HORTENSE.

— Ile? Ni char tu, Adolphine. Ya kuchezea.

— Nimeona ni char. Miye nakuuliza muntu.

— Ku mtaa ya Golf, kwa Monsieur Gérard, tunacheza vita juu ya meza. Tunabandika ba-chars na colle, tunapaka rangi, kisha tunazipiganisha. Kila muntu anapatia char yake jina ya mwanamuke. Njo desturi ya pale.

— Na Hortense gani? Ule wa avenue Mitwaba?

Symphorien akatazama viatu vyake. Jibu hilo.

Hortense wa barabara ya Mitwaba alikuwa mchumba wake kabla ya Adolphine. Mtaa wa Katuba mzima ulimjua kwa uzuri, na Adolphine alimjua kuliko Katuba nzima, maana kila Jumapili kanisani macho yake yalikuwa kwa Hortense, si kwa padri.

— Jina yangu iko ku char gani?

— Haiko.

— Ginsi gani haiko?

— Haiko, basi.

— Mahari imefika kwa baba. Miye njo fiancée yako. Ya Hortense iko, yangu haiko?

— Nikikuelezea hapa, utacheka.

— Angalia huu uso, Symphorien. Iko inacheka?

Akamtupia koti, sindano, kifaru na yote.

Wivu hauna adabu, jamani. Ungemwambia Adolphine siku zile kwamba nchi ya Katanga imejitenga na Kongo, kwamba vita vinaweza kurudi mjini wakati wowote, angekuuliza: na Hortense je?

Jumamosi Adolphine alikuwa na zamu kwenye zahanati ya masista. Sista alipokwenda kusali, Adolphine aliinua simu. Namba ya nyumba ya Gérard alikuwa nayo. Symphorien alimpa tangu mapigano ya Desemba, kama kutatokea hatari. Kwake hatari ilikuwa imetokea.

— Allô?

Sauti ya mwanamke. Laini, tamu.

— Symphorien iko?

— Iko, lakini hawezi kuya sasa. Anashika pumzi.

— Anashika nini?

— Pumzi! Anaandika jina ku char. Akipumua, mukono inatetemeka. Niseme ni nani anamuita?

Adolphine akakata. Mwanamke anayejua pumzi za mchumba wako, huyo si wa kumwachia jina kwenye simu. Akavua aproni akashika njia ya Golf, kwa miguu. Kwenye kizuizi askari jandarme mmoja akamsimamisha.

— Mama, unaenda wapi?

— Kupigana.

Jandarme akaona ule uso, akainua ubao apite.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa na Edith, mpishi, bibi mwenye mvi na meno mawili. Sauti ni ile ile ya simu. Adolphine aliona aibu kidogo, lakini hasira nyingine zilikuwa bado zimebaki, akapita moja kwa moja hadi gereji.

Meza kubwa imejaa mchanga. Gérard, Mbelgiji mwalimu, upande huu. Symphorien na rafiki yake Clément wa reli upande ule. Na vifaru vya Symphorien: BRIGITTE, ANNIE, HORTENSE.

— Brigitte ni nani tena?

Symphorien akadondosha brashi.

— Ni wa zamani, tulikuwa batoto ku école...

— Annie?

— Naye wa zamani.

— Donc, kumbe bote biko hapa! Bote, isipokuwa miye!

Kabla hajajibu, Gérard, aliyekuwa ameshatupa dadu, akaona sita, akapiga makofi.

— Six! Hortense amekufa!

Akachukua pamba iliyopakwa masizi akaiweka juu ya kifaru, kuwa ni moshi. Adolphine alitazama. Sitawaficha: alisikia raha. Raha tamu kabisa.

Clément akamwona.

— Mama Adolphine, tulimuomba huyu bwana aandike jina yako. Mara mingi! Anakataa. Anasema hata akilipwa.

— Juu ya nini? Symphorien, juu ya nini?

— Utacheka.

— Sema!

Symphorien alisema huku anaangalia mchanga.

— Mu Desemba, bombu ilianguka karibu na kwenu. Unakumbuka? Weye ulikuwa ku dispensaire ya ba-sista, miye sikujua. Nilichimba mu ile nyumba yenye ilibomoka, na mikono. Nilikuwa naita jina yako mule mu moshi, Adolphine, Adolphine, na hakuna muntu anaitika. Sasa niandike ile jina ku char, bapige dadu, banifunike weye na pamba nyeusi, niangalie? Siwezi. Hata ku mchezo, siwezi.

Hakuna aliyecheka. Adolphine alimpenda pale kuliko siku zote, machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta.

Kisha akaiangalia ile pamba.

— Futa jina ya Hortense.

— Juu ya wivu?

— Juu naye ni mutoto wa bantu, na ile siku ya bombu naye alikuwa Katuba. Na juu ya wivu pia. Futa!

Symphorien akalowesha kitambaa kwa petroli akafuta. Akafuta Annie, akafuta Brigitte. Gérard alinung'unika kidogo kuhusu desturi, halafu akaona ni salama zaidi kunyamaza.

Harusi ilipokaribia, Adolphine alikwenda mwenyewe kubisha kwa Hortense.

— Ukuye ku mariage yetu. Utakaa ku banc ya mbele.

— Miye? Mbele? Juu ya nini?

— Nikuone muzuri.

Hortense alicheka mpaka akashika mlango. Lakini alikuja, gauni la bluu, akakaa mbele kama alivyoambiwa. Padri akauliza, Symphorien akajibu «ndiyo» kwa sauti ya kusikika hadi nje. Bibi harusi hakumwona alivyosema. Alikuwa anamwangalia Hortense.