Macho ya Ukoo wa Kalinga

Kila jioni Evarista alikuwa wa kwanza kuchota maji bombani. Majirani zake pale Kilolo walimsifu kwa kujituma. Hawakujua kwamba alikuwa akikimbizana na giza. Jua likizama tu, hakuona njia. Hata mchana aliona kilicho mbele yake tu. Cha pembeni alikigonga. Wiki hiyo alikuwa amevunja vikombe vinne vya wageni, na mama yake alichoka kumwita mzembe.

Wageni wenyewe hawakuwa wa kawaida. Mzee Gerson, mshenga wa upande wa mume, alikuwa amekuja kumposa Paskalina, dada yake Evarista. Kabla ya mahari kupangwa, mshenga hupita kwa majirani akiuliza ukoo una magonjwa gani. Ndiyo maana baba mdogo Silvester, aliyepofuka akiwa kijana, alipelekwa Nyololo kwa jamaa "kupumzika". Kupumzika gani huko, miezi mitatu!

Mzee Kalinga, baba yake Evarista, aliposhuku kwamba si uzembe, alimpeleka kwa daktari wa macho Iringa mjini. Njiani alimwonya, "Ukiulizwa habari za ukoo, nyamaza. Unataka dada yako azeekee nyumbani?"

Daktari Zehra alimpima, kisha akauliza, "Kuna mwingine katika familia mwenye tatizo hili?"

"Hakuna, daktari," Baba alijibu haraka.

Evarista akapewa vidonge vya vitamini A. Alivimeza mwezi mzima, lakini giza halikupungua. Akisema ukweli, anavunja ndoa ya dada yake. Akinyamaza, anapofuka. Alijiona kama aliyefungiwa chumba kisicho na mlango, akalia peke yake.

Waliporudi Iringa, daktari aliuliza swali lilelile. Baba akakohoa.

"Baba mdogo Silvester haoni," Evarista alisema. "Alianza kama mimi."

Baba aliinamisha kichwa.

"Sasa naelewa," alisema Daktari Zehra. "Ugonjwa huu hurithiwa. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na chembe zake zinakufa polepole. Watafiti wanajaribu dawa za protini za kuzilinda zilizobaki."

"Basi nitamnunulia maharage na mayai kila siku," Baba alisema.

"Hata akila gunia, mzee, hayafiki huko. Hizi hutengenezwa maabara, na bado ni majaribio, kwa hiyo siahidi kitu. Lakini tukipima damu yake, yako na ya Silvester, tunaweza kujua kasoro ilipo. Likitokea jaribio linalomfaa, atakuwa tayari. Kwa sasa, shuleni akae mbele."

Baba alitoka nje hadi ukumbini, akampigia mzee Gerson simu na kumweleza yote. Evarista alimfuata, na kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa, alisikia kila neno.

"Mzee Kalinga," mshenga alijibu, "habari za Silvester tulizipata kwa jirani wa kwanza. Tulikuwa tunangoja mseme wenyewe. Jumamosi tunakuja kama tulivyopanga."

Baba aliketi kwenye benchi karibu na binti yake.

"Nilimficha mdogo wangu asionekane na watu waliokwisha kumjua," alisema, "nikapoteza siku za macho yako. Mwanangu, ugonjwa ukifichwa haukomi, unaendelea kula. Usikubali tena mtu akufunge mdomo kuhusu afya yako, hata mimi."

Akasimama, akamshika mkono. "Twende, waanze kutoa damu yangu. Kesho namfuata Silvester, arudi nyumbani."