Mdudu Mwenye Mkia wa Panda

Msimu wa mpunga ulipofika, Sikujua na mumewe Nassibu walihamia bondeni Mkongo pamoja na binti yao Zuena. Walilala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba. Kutwa waliamia ndege wasile mpunga. Mchana jua likiwa kali waliingia bwawani kuoga, na hapohapo ndipo walipochota maji ya kunywa.

Msimu huo Zuena akawa analia kila akienda haja ndogo. Sikujua alimfuata nyuma ya dungu, akaona mchanga umelowa mkojo mwekundu.

"Baba Zuena, mtoto anakojoa damu."

Nassibu aliendelea kusuka kamba. "Hata mimi nilikojoa damu nikiwa mdogo. Itapita."

Sikujua alimtazama. Mumewe alikuwa amekonda, na usiku aliamka mara kwa mara kwenda nje. Akirudi alijikunja, akashika kinena.

Kesho yake Sikujua alichota maji ya bwawani kwenye bilauri, akayainua juani. Vijidudu vyeupe, vidogo kama ncha ya sindano, vilikuwa vikirukaruka.

"Ndivyo hivi vinavyommaliza mwanangu," alisema.

Tangu hapo alichuja maji yote kwa kanga kuukuu, ya kunywa na ya kuoga. Damu haikukoma.

Ndipo akampeleka Zuena zahanati. Siku hiyo alikuwepo Hafsa, mtaalamu wa maabara kutoka Kibiti. Hafsa alipima mkojo wa mtoto, akaona mayai ya minyoo ya kichocho.

"Kichocho kimetoka wapi, dada, na maji nayachuja?" Sikujua aliuliza. Alitoa chupa ya maji ya bwawani aliyokuja nayo.

Hafsa aliweka tone chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. "Chungulia, mama. Unaona nini?"

"Mdudu. Ana jicho moja tu kichwani. Karibu na mkia ana mifuko miwili, huku na huku."

"Hiyo mifuko ni ya mayai yake. Huyo haleti kichocho. Na yule wa mviringo?"

"Ana mikono yenye matawi. Mgongoni kuna kitu kinapigapiga."

"Ni moyo wake. Huyo ni kiroboto maji. Naye hana kosa."

Kisha Hafsa alileta glasi iliyokuwa dirishani juani. Ndani mlikuwa na konokono aliowaokota asubuhi kwenye bwawa lilelile. Maji yake yalionekana safi kabisa. Alichukua tone.

Sikujua alichungulia tena. "Huyu hana miguu. Ana kichwa kirefu na mkia mwembamba. Mwisho wa mkia umegawanyika, kama panda ya manati."

"Wa kichocho yuko hivyo. Hutoka kwenye konokono, akapenya ngozi yako ukiwa majini. Hangoji umnywe. Na kanga haimzuii."

Sikujua alikaa chini. Ni yeye aliyekuwa akimmwagia mtoto maji yale kila siku.

"Huyo konokono naye anakipata wapi?"

"Kwetu sisi. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humwingia konokono."

Hafsa alimpa Zuena dawa. Akaeleza kwamba wasiingie tena bwawani. Maji ya kuoga yatoke kisimani. Yakiwa ya bwawa, yachemshwe, au yakae siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Na kila mtu ajisaidie chooni.

"Na baba yake pia aje," alisema.

Nassibu alikataa, kisha maumivu yakamshinda. Hospitalini walikuta uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Kichocho cha miaka mingi kilikuwa kimekiharibu.

"Ungekuja mapema, Bwana Nassibu," daktari alisema kwa upole.

Aliporudi, Nassibu hakuweza tena kushika jembe. Alikaa kwenye mkeka, akiwaelekeza jirani yao Shaabani na wenzake wakichimba choo karibu na dungu.

"Ongezeni kina," aliwaambia. "Mvua zisije zikakibomoa."

Alifariki kabla ya mavuno.

Msimu uliofuata hakuna aliyeoga bwawani. Hafsa alipokuja tena, alipima mkojo wa Zuena, akasema ni safi. Sikujua aliomba achungulie mwenyewe. Alitazama muda mrefu, asione yai hata moja.

"Alhamdulillahi," alisema. Akamshika mwanawe mkono, wakarudi shambani wawili.