Nyimbo za Kwaya Zilizofutwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare yake ya shule, Eliana alikwenda kwenye kituo cha vijana cha kanisa lao, huko Kizuka, kumsaidia msimamizi wake, Papa Meshaki, kazi za kompyuta. Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Michikichi ilikuwa imelowa chepechepe, na ziwa halikuonekana kwa ukungu.

Tangu mama yake, Speciosa, afariki, Eliana hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ilibaki katika rekodi za kanisa tu. Rekodi hizo zilitunzwa ofisini, kwenye kisanduku cha hifadhi ambacho kompyuta zote za kituo zilikifikia kwa mtandao.

"Mwanangu," alisema Papa Meshaki, "leo kwaya inataka kusikiliza nyimbo za zamani kabla ya kurekodi mpya. Fungua maktaba ya muziki kwenye kompyuta ya ukumbini, uiongezee folda za kwaya zilizo kwenye kisanduku. Mimi nafuata mikrofoni mjini."

Eliana akabofya "Ongeza folda", akaingia kwenye mtandao, akachagua folda moja baada ya nyingine. Majina ya nyimbo yakajaa kwenye kioo. Kisha likatokea onyo: kisanduku kinakaribia kujaa. Akawaza, kama nyimbo zimeshaingia huku, za kule ni za nini tena? Akazifuta zote bila kumwuliza mtu, ili nyimbo mpya zipate nafasi.

Alipotaka kusikiliza wimbo wa mama yake, kompyuta ikaandika: faili haipatikani. Akajaribu mwingine. Nao haupo. Maktaba ilikuwa imeorodhesha majina tu. Nyimbo zenyewe hazikuwahi kutoka kwenye kisanduku.

Anita, rafiki yake aliyekuwa akifagia ukumbi, akachungulia kioo. "Nyamaza," akanong'ona. "Asubuhi umeme ulikatika. Watasema ni umeme."

Eliana akanyamaza.

Wanakwaya wakaingia, nguo zikiwachuruzika maji. Papa Meshaki, aliyerudi na mikrofoni, alijaribu kila wimbo, wapi! "Bila shaka umeme umeharibu kisanduku," akasema kwa unyonge.

Mama Niyonzima, mwimbaji mkongwe kuliko wote, akaketi na kujifunika uso kwa kitenge. "Basi Speciosa ametufia mara ya pili," akasema.

Papa Meshaki alikuwa ameshawasha mikrofoni. "Tuanze kurekodi. Tusikose na hizi mpya."

"Papa, ngoja!" Eliana akapaza sauti. "Si umeme. Ni mimi niliyezifuta."

Papa Meshaki hakugomba. Alikimbilia ofisini, akazima kisanduku. "Hakuna kurekodi leo," akasema. "Mtu asikiguse."

Wiki nzima fundi wa mjini alikishughulikia. Wiki nzima pia, wanakwaya waliokutana na Eliana njiani walimwitikia salamu kwa sauti ya chini, wakapita. Nyumbani chakula hakikumshuka.

Jumamosi iliyofuata kisanduku kikarudi. Nyimbo nyingi zilikuwa zimepatikana. Chache zilipotea moja kwa moja. Wimbo wa Speciosa ulikuwapo, ila ulikatika kabla ya ubeti wa mwisho. Eliana aliinama, machozi yakamdondoka. Mama Niyonzima akamshika bega.

"Nisamehe, Papa," Eliana akasema.

"Nimekusamehe," alijibu Papa Meshaki. "Lakini sikiliza, mutoto wangu. Ulifuta kitu usichokielewa. Hilo ni la kutojua, nami nilipaswa kukueleza. Kunyamaza, hilo ulilichagua mwenyewe. Kitu kilichofutwa hukaa mle mpaka kingine kiandikwe juu yake. Tungerekodi siku ile, hata hizi tusingezipata tena. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka. Na usilolijua, uliza kwanza."

"Murakoze, Papa," akashukuru Eliana. Nje mvua ilikuwa ikiendelea kunyesha.